Mashine ya Santuri Uliyoifungua Mwenyewe: Namna ya Kulitafuta Kosa

Umebadilisha nyaya za kutoa sauti, umefunga katriji mpya, pengine umetoa na mkeka wa mpira ukaweka mwingine uliosifiwa. Skrubu zote zimerudi mahali pake, umeweka santuri ya Morogoro Jazz, na badala ya gitaa unasikia mvumo. Au spika moja imenyamaza. Au ngoma zipo lakini besi imetoweka. Kabla ya kushika tena bisibisi, chukua karatasi uandike kila ulichokigusa, kwa mpangilio ule ule ulivyokigusa, ukitia na vile unavyoamini havihusiki: skrubu uliyolegeza ili kupitisha waya, kipete cha mpira cha kichwa cha mkono ulichokitoa ukakirudisha. Mashine iliyokuwa ikiimba asubuhi haipati ugonjwa mpya jioni kwa bahati tu. Kosa limo kwenye orodha hiyo, na kazi iliyobaki ni kulifuata kinyumenyume, badiliko moja kwa wakati. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo na mvumo ukaisha hajui alichokitengeneza, na ukirudi wiki ijayo hatajua pa kuanzia.

Ni vizuri kuelewa kwa nini kosa dogo kwenye mashine hii lina kelele kubwa. Katriji ya sumaku inayotembea, aina iliyo kwenye mashine nyingi, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Simu ikichomekwa kwenye amplifaya ile ile hutoa mamia ya milivolti. Kwa hiyo sehemu ya fono ya amplifaya hulazimika kuikuza sauti ya katriji kiasi cha mara 100 katikati ya masafa, na kwenye besi zaidi ya hapo, kwa sababu santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa. Hiyo ndiyo kanuni ya RIAA, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954, na amplifaya lazima irudishe kilichopunguzwa. Umeme wetu wa Kenya na Tanzania ni wa hezi 50, na kwenye hezi 50 ukuzaji huo unakaribia mara 700. Uchafu wa umeme ambao kwenye redio usingeusikia kabisa, hapa unakuzwa kuliko sehemu kubwa ya muziki wenyewe.

Sasa usalama, maana hapa hakuna mzaha. Chomoa plagi ukutani, usitosheke na kuzima swichi. Plagi zetu za pini tatu mara nyingi huja na fyuzi ya ampea 13, wakati mashine ya santuri inatosheka na ya 3. Waya wa ethi wa mashine nafasi yake ni skrubu ya GND nyuma ya amplifaya; usiuchomeke kamwe kwenye tundu la soketi ya ukutani. Kama mashine imetoka Japani, soma bamba la nyuma kwanza: huko umeme ni wa volti 100, na mashine isiyo na swichi ya kubadilisha volti ikipewa 240, transfoma yake huungua. Halafu itoe katriji kabla ya kulehemu chochote karibu nayo na kabla ya kupima kwa mita. Koili zake ni za waya mwembamba kuliko unywele. Joto la lehemu likipanda kwenye pini huzikata, na mkondo mdogo wa mita wenyewe unaweza kuziharibu katriji nyeti.

Mvumo

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila aliyebadilisha nyaya, kwa hiyo nitalikalia.

Anza nje ya mashine. Chomoa nyaya za RCA, zile za kutoa sauti, kwenye amplifaya. Mvumo ukibaki kwa nguvu ile ile, iache mashine ya santuri, tatizo liko kwingine. Ukiisha, rudisha nyaya na usikilize mvumo wenyewe una sauti gani. Kama mna gitaa la besi nyumbani lina msaada mkubwa: mvumo wa hezi 50 unakaribia sana noti ya G kwenye uzi mnene kuliko wote, freti ya tatu. Mvumo wa hezi 100 unakaribia uzi mwembamba wa G ukipigwa wazi. Wa hezi 50 kwa kawaida unatoka kwenye ethi iliyokatika, waya usiokingwa, au mota na transfoma zilizo karibu na katriji. Wa hezi 100 mara nyingi unatoka kwenye umeme uliogeuzwa kuwa wa DC bila kuchujwa vizuri. Huo huwakuta waliofunga amplifaya ndogo ya fono ndani ya boksi la mashine, au waliobadilisha kapasita za chujio wakazigeuza au kuzilehemu vibaya.

Kisha gusa mkono wa mashine, ule mrija wa chuma, kwa kidole. Mvumo ukipungua, mkono hauna ethi. Kwenye Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979 na ambayo madijei wengi wanaifungua wenyewe, nyaya za mkono hushuka hadi kibao kidogo cha saketi chini ya kitako cha mkono, na hapo ndipo nyaya za RCA na waya wa ethi zinapolehemiwa. Chomoa kila kitu, weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye mrija wa mkono na nyingine kwenye mwisho wa waya wa ethi. Unatakiwa kuona karibu na sifuri. Ukiona namba inayorukaruka unapotikisa waya, lehemu haijashika. Ipashe moto upya, ongeza risasi kidogo, na usiutikise waya mpaka ipoe. Lehemu iliyoshika hung'aa na kusambaa juu ya shaba. Iliyokaa kama tone, huku mpaka wake na waya ukionekana wazi, haijashika hata ukiivuta ikakataa kutoka.

Kuna marekebisho yanayopendwa sana kwenye SL-1200: kuondoa waya wa ethi wa nje na kuiunganisha ethi ndani, kwenye upande hasi wa RCA. Yanafanya kazi vizuri na mimi nayaunga mkono, hasa kwa mashine inayosafirishwa kila wiki. Lakini aliyeunganisha ndani kisha akaacha na waya wa nje ukiwa umefungwa kwenye amplifaya ametengeneza njia mbili za ethi, na kati ya njia hizo mbili mvumo huzaliwa. Chagua moja. Njia ya pili inaweza pia kujificha kwenye katriji: baadhi ya katriji zina kibati kidogo kinachounganisha pini ya kijani na ganda la chuma. Ganda likigusa kichwa cha chuma, nacho kimegusa mkono wenye ethi, kitanzi kimekamilika bila wewe kulehemu kitu.

Mvumo ulio upande mmoja tu habari yake ni nyingine. Huo karibu siku zote ni waya hasi wa upande huo uliokatika au kulegea, na kuchezea ethi kuu hakutausaidia. Mvumo unaoongezeka kadiri mkono unavyokaribia katikati ya santuri nao una maana yake: katriji inanusa sumaku ya mota au ya transfoma iliyo chini ya sahani. Katriji za Grado zinajulikana kwa hilo zikifungwa kwenye mashine za mkanda zenye mota ya AC. Hakuna waya utakaoutibu. Badilisha katriji, au kama ni transfoma uliyoiweka mwenyewe ndani ya boksi, itoe nje. Ukisikia kituo cha redio badala ya mvumo, tafuta kinga ya waya iliyoachwa bila kuunganishwa upande mmoja.

Spika iliyonyamaza, besi iliyopotea

Kwa spika iliyonyamaza, badilisha RCA ya kushoto na ya kulia kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia spika nyingine, kosa ni la mashine. Ukibaki pale pale, ni la amplifaya au spika. Kama ni la mashine, nenda kwenye kichwa cha mkono, ukiwa umezima amplifaya, na ubadilishane nyaya ndogo nyuma ya katriji: nyeupe na nyekundu, buluu na kijani. Ukimya ukihama, katriji ndiyo mbovu. Usipohama, uko kati ya kichwa na RCA. Hapo safisha kwanza zile pini nne ambapo kichwa kinaingia kwenye mkono, kwa kifutio cha penseli kisha spiriti. Kazi ya dakika mbili hii huokoa watu wengi wasifungue mashine bure.

Waliobadilisha nyaya za ndani ya mkono wana mtego wao. Nyaya hizo nyembamba mara nyingi ni nyuzi nyingi, kila uzi umepakwa vanishi yake. Vanishi isipochomwa yote kwa joto la kutosha, risasi inashika nje tu na nyuzi za ndani hazifiki kwenye sauti. Mita itaonyesha njia iko wazi leo, kesho upande mmoja utapungua. Paka ncha risasi mpaka uone imenywewa hadi katikati, ndipo uunganishe.

Rangi zenyewe ni kanuni: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Katriji ikiwa imetolewa, pima kila moja hadi RCA. Nyeupe lazima ifike pini ya katikati ya kushoto na buluu kwenye ganda lake; nyekundu na kijani vivyo hivyo kwa kulia. Katikati na ganda la RCA moja zisiwe na mawasiliano kabisa.

Ukikosea chanya na hasi upande mmoja tu, mashine italia pande zote mbili na utafikiri iko sawa, ila besi itakuwa imekonda na mwimbaji hatasimama katikati. Atasikika kama yuko pembeni zote mbili kwa pamoja. Santuri zetu za zamani zinakupa kipimo rahisi kuliko mita. Santuri nyingi za inchi 7 za miaka ya 1960 ni za mono. Weka mojawapo, bonyeza kitufe cha Mono kwenye amplifaya. Muziki ukinywea hadi karibu kupotea, pande zako mbili zinapingana. Badilishana nyaya mbili za upande mmoja tu, na besi itarudi.

Besi iliyopotea pande zote huku sauti ikiwa ndogo mno ni shauri jingine: mashine imechomekwa kwenye AUX badala ya PHONO, au umetoa amplifaya ya fono iliyokuwa ndani bila kuweka nyingine nje. Wanaofungua Audio-Technica AT-LP120 kuondoa kibao chake cha fono hukutana na hili mara kwa mara. Kinyume chake, sauti ikiwa kubwa na imepasuka, umepitisha fono mara mbili.

Kwa wanaolalamika kwamba baada ya nyaya mpya sauti za juu zimekuwa kali au zimefifia: pima kapasitansi ya waya wako. Katriji ya AT-VM95E inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, na hesabu hiyo inachanganya waya na amplifaya. Waya mrefu wa bei kubwa unaweza kuzimaliza zote peke yake. Ufupishe.

Kasi

Mashine ya quartz yenye mota iliyoungana na sahani, kama SL-1200MK2, haijali hezi za umeme, inajali volti tu. Yenye mkanda na mota ya AC inajali hezi kuliko kitu kingine chochote, na hapa ndipo mizigo ya ndugu walio Marekani inapoleta utata. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha hubadilisha volti, hezi zinabaki 50, na mota inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake. Mizunguko 33⅓ kwa dakika inakuwa 27.8. Wimbo wa dakika nne unachukua dakika 4 na sekunde 48, na sauti ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz inashuka nusu-toni tatu na zaidi.

Wengi hapo hubadilisha mkanda, kisha mota, kisha mafuta ya ekseli, na hakuna kinachosaidia. Wakipima kwa kadi ya mistari iliyokuja na mashine, mistari inasimama tuli, wanaamini kasi ni sahihi. Kadi inawadanganya. Kadi ya Marekani ina mistari 216, kwa ajili ya taa ya hezi 60. Chini ya taa yetu inayomulika mara 100 kwa sekunde, mistari 216 husimama tuli pale sahani inapozunguka mara 27.8, yaani kwenye kosa lenyewe. Kwa hezi 50 kadi ya 33⅓ lazima iwe na mistari 180. Ihesabu, au chapisha mpya, na utumie taa ya kizamani ya waya au ya mrija, kwa sababu taa nyingi za LED hazimuliki kwa mpigo wa umeme. Dawa ya mota ni puli ya hezi 50, yenye kipenyo kilichozidi kwa moja ya tano, au kifaa cha kielektroniki kinachotengeneza hezi 60 chenyewe.

Sauti ikiyumba, hesabu muda wa myumbo. Kwenye 33⅓ sahani inazunguka mara moja kila sekunde 1.8. Myumbo wa sekunde 1.8 ni wa sahani au wa santuri yenye tundu lisilo katikati. Jaribu santuri nyingine. Myumbo wa haraka zaidi unatoka kwenye puli au mota: mkanda uliojipinda, puli iliyofungwa upande, gundi uliyoiacha juu yake. Na kama ulitoboa boksi la SL-1200, inua sahani uangalie sumaku iliyo chini yake. Vumbi la chuma na wasa ndogo hujibandika hapo zikakwaruza kila mzunguko. Zitoe kwa utepe wa gundi.

Sindano inayoruka

Angalia inarukia wapi. Ikikimbilia katikati, antiskeiti (ile nguvu inayouvuta mkono kuelekea nje) ni ndogo au uzito wa sindano haufiki. Ikirudia mzunguko ule ule, kitu kinaushika mkono usiende ndani, na kwa aliyebadilisha nyaya za mkono kitu hicho karibu daima ni waya mpya mgumu kwenye egemeo. Weka antiskeiti sifuri, sawazisha mkono uelee, usukume polepole hadi katikati na uuache. Unatakiwa kubaki ulipouacha. Ukirudi wenyewe, legeza waya kwenye egemeo, uache kitanzi kidogo kisichogusa chochote. Kuongeza uzito ili kuushinda waya mgumu ni kuharibu santuri.

Uzito upime kwa mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama zile za masonara, sindano ikiwa kwenye usawa wa santuri. Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, AT-VM95E gramu 2. Kwenye SL-1200 sindano ikae milimita 52 kutoka ukingo wa mpira wa kichwa. Hapo inapita kitovu cha sahani kwa milimita 15, kama kiwanda kilivyokusudia. Ukiwa umebadilisha mkeka, pandisha au shusha kitako cha mkono kwa tofauti ya unene. Milimita 4 kwenye mkono huu ni karibu digrii moja ya pembe ya sindano, na wengi wanaolaumu katriji mpya wanasikia mkeka.

Waliofunga kichwa kizito wakumbuke hesabu hii ya hezi ambazo mkono na katriji hutetema zenyewe: 159 gawanya kwa kipeuo cha pili cha uzito wa mkono na katriji ukizidishwa kwa ulaini wa sindano. Mkono wa SL-1200 ni gramu 12, 2M Red na skrubu zake karibu 8, ulaini 20. Unapata karibu hezi 8, mwisho wa chini unaokubalika. Kichwa chenye gramu 6 zaidi kinakushusha hadi 7, na hapo kila santuri iliyopinda itautikisa mkono.

Kama mashine inanguruma ukiongeza sauti, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti taratibu, gonga boksi. Ngurumo ikijiendeleza yenyewe, spika zinaitikisa mashine. Rudisha miguu ya mpira uliyoitoa ukaweka ya chuma. Miguu ya chuma inapendeza kwa macho, lakini kwenye sakafu ya mbao inazidisha ugonjwa huu.

Ombi la mwisho ni kuhusu santuri utakazotumia kwa majaribio haya. Santuri nyingi zilizochapwa Nairobi miaka ya 1960 na 1970 hazijatolewa tena, na nakala uliyonayo inaweza kuwa mojawapo ya chache zilizosalia. Sindano isiyopimwa huikwangua kwa mchezo mmoja, na mkwaruzo huo hautoki. Nunua santuri ya bei rahisi ambayo huijali, ipige mpaka mashine imalize pande zote mbili bila kuruka wala kuvuma, na za wazee wetu ziache kwenye majalada yake hadi siku hiyo.